Mkunazini: Soko, Kanisa na Sanamu

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar alitia saini mkataba na Uingereza, na kwa mkataba huo masoko yote ya watumwa katika milki yake yakafungwa. Lililojulikana kuliko yote lilikuwa soko la Mkunazini, katika Mji Mkongwe wa Unguja. Anayeingia leo katika uwanja wa Kanisa Kuu la Kianglikana hapo Mkunazini hukuta shimo la mstatili lililojengewa kuta za mawe, na ndani yake zimesimama sanamu tano za watu, wake kwa waume, zikiwa zimefungwa mnyororo shingoni. Aliyezitengeneza ni Clara Sörnäs, msanii kutoka Uswidi, na ziliwekwa hapo mwishoni mwa miaka ya 1990. Tangu soko lifungwe mpaka sanamu hizo zisimame ilipita miaka zaidi ya 120.

Muda mrefu kiasi hicho unahitaji kuelezwa. Kiwanja hakikuachwa kiote majani, kwa sababu ujenzi wa kanisa ulianza mwaka uleule soko lilipofungwa, na baadaye yakaongezwa majengo mengine ya misheni. Wala watu hawakuwa wamesahau, kwa kuwa wenyeji wote walijua pale palikuwa mahali gani. Kilichokosekana ni alama iliyowahusu waliouzwa wenyewe. Ili tuelewe kwa nini alama hiyo ilichelewa, na kwa nini ilipokuja ilichukua umbo lile, inafaa tuanze na mahitaji yaliyozaa soko, kisha tushuke nayo hatua kwa hatua.

Utumwa ulikuwapo katika mwambao wa Afrika Mashariki kwa karne nyingi, lakini idadi ya waliouzwa ilipanda sana kuanzia nusu ya pili ya karne ya 18. Sababu ya kwanza ilikuwa mashamba ya Wafaransa katika visiwa vinavyoitwa leo Mauritius na Réunion. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa, Jean-Vincent Morice, aliafikiana na Sultani wa Kilwa apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka. Sababu ya pili ilikuwa mahitaji ya Uarabuni na Ghuba, ambako watumwa walitumika katika mashamba ya mitende, katika uzamiaji wa lulu na katika kazi za majumbani. Sababu ya tatu, ambayo ndiyo iliyoigeuza Unguja yenyewe, ilikuwa karafuu.

Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman, alivutiwa na bandari ya Unguja na rutuba ya ardhi yake, na kufikia mwaka 1840 alikuwa ameyahamishia huko makao yake kutoka Muscat. Chini yake mikarafuu ilienea Unguja na Pemba kwa kasi kubwa. Karafuu huchumwa kwa mkono, kikonyo kwa kikonyo, na msimu wake haungoji. Ikichelewa kuchumwa huchanua na kupoteza thamani. Kwa hiyo mwenye shamba alihitaji watu wengi wa kupalilia, kuchuma na kuanika, na watu hao walinunuliwa. Tangu hapo Unguja ikawa na sura mbili: ilikuwa bandari ya kupitishia watumwa, na papo hapo ilikuwa nchi ya kuwatumia.

Waliofikishwa visiwani walitoka mbali. Wengi waliteremshwa Kilwa wakitokea pande za Ziwa Nyasa, nchi za Wayao, Wanyasa, Wabisa na majirani zao; wengine walipitia njia ya kati, kutoka Manyema na Ujiji kupitia Tabora hadi Bagamoyo. Wanahistoria wengi wanakadiria kwamba katika miaka ya 1860 waliofikishwa Unguja kila mwaka walikuwa takriban 20,000. Baadhi walibaki mashambani, na baadhi walipakiwa tena majahazini kupelekwa kaskazini. Hapa inafaa kusahihisha wazo lililozoeleka, kwamba pembe zote za ndovu zilifika pwani mabegani mwa watumwa. Wapagazi wengi wa njia ya kati, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Biashara hizo mbili, ya watumwa na ya pembe, zilisafiri njia moja, lakini kila moja ilikuwa na utaratibu wake.

Mtu aliuzwaje? Vita na utekaji ndivyo vinavyotajwa kwanza, na kweli viliwapata wengi. Lakini njaa, deni na hukumu za wakuu vilikuwa milango mingine, na kisa cha binti mmoja wa Kiyao, Swema, kinaonyesha mlango wa deni ulivyofunguka. Mama yake alikuwa mjane aliyekopa nafaka na akashindwa kuilipa. Mdai akamchukua binti, akamuuza kwa msafara uliokuwa ukipita, na mama, kwa kutotaka kutengana na mtoto wake, akaomba afuatane nao akiwa mpagazi wa pembe. Njiani nguvu zilimwishia, akaachwa nyuma, naye Swema akasukumwa mbele hadi pwani. Alipofika Unguja katikati ya miaka ya 1860 alikuwa amedhoofika kiasi kwamba mfanyabiashara aliona hana faida tena, na akafukiwa katika kaburi la juujuu hali yu hai. Mpita njia alimsikia, akamfukua na kumpeleka kwa masista wa misheni ya Kikatoliki, ambako alipona na kusimulia yaliyompata. Kati ya maelfu waliopita njia ile, Swema ni mmoja wa wachache ambao sauti yao iliandikwa.

Kuhusu soko lenyewe tunayo maelezo ya watu waliolishuhudia. Nahodha Mwingereza Thomas Smee, aliyefika Unguja mwaka 1811, aliandika kwamba mnada ulianza kama saa kumi alasiri. Watumwa walikuwa wamesafishwa na kupakwa mafuta ya nazi, nyuso zao zimechorwa mistari ya rangi nyekundu na nyeupe, na wengine wamevishwa mapambo. Walipangwa mstari, wadogo mbele na warefu nyuma, wakatembezwa mitaani huku bei ikitangazwa. Aliyependezwa alisimamisha mstari, akakagua meno, viungo na ngozi, akauliza kama mtu huyo hukoroma usingizini au ana maradhi. Katika siku za Smee mnada ulikuwa mahali pengine mjini, kwa kuwa soko lilihama zaidi ya mara moja kabla ya kutulia Mkunazini. Lakini namna ya kuuza haikubadilika sana.

Kufungwa kwa soko kulitanguliwa na mikataba miwili. Ule wa 1822 ulikataza kuwauzia Wakristo watumwa, na ule wa 1845 ulikataza kuwasafirisha nje ya milki ya Sultani ya Afrika. Yote miwili iliacha biashara ya ndani iendelee kihalali, na majahazi yaliyovuka mpaka yalikuwa mengi kuliko manowari za kuyakamata. Mwanzoni mwa 1873 Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere kudai mkataba wa tatu. Barghash alikataa. Baada ya Frere kuondoka, Konsuli John Kirk alipokea amri ya kukizingira kisiwa kwa manowari endapo Sultani angeendelea kukataa, na tarehe 5 Juni Barghash akatia saini.

Kwa nini ilikuwa 1873, na si miaka kumi kabla au baada? Maelezo ni matatu. La kwanza linataja dhamiri ya Waingereza, iliyochochewa na taarifa za David Livingstone, hasa zile za mauaji aliyoyashuhudia katika gulio la Nyangwe, Manyema, mwezi Julai 1871. La pili linataja uchumi. Profesa Abdul Sheriff, katika kitabu chake cha 1987 kuhusu watumwa, karafuu na pembe za Zanzibar, ameonyesha jinsi mtaji wa viwanda wa Ulaya ulivyozidi kuwahitaji Waafrika wabaki kwao wazalishe mali ghafi na kununua bidhaa. Mfereji wa Suez, uliofunguliwa mwaka 1869, ulikuwa pia umeisogeza pwani yetu karibu na masoko hayo. La tatu linataja udhaifu wa Sultani mwenyewe, kwani mwezi Aprili 1872 kimbunga kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha hazina yake taabani. Maelezo haya hayapingani. La kwanza linaeleza kwa nini jambo lilidaiwa, la pili kwa nini lilidaiwa wakati ule, na la tatu kwa nini mdaiwa alishindwa kukataa.

Hata hivyo, maelezo yote matatu yanawaacha nje watumwa wenyewe, na hilo ni kosa. Kulikuwa na watoro katika mwambao mzima. Bara la Mombasa na Malindi watoro walianzisha vijiji vyao, na Fuladoyo ndicho kilichojulikana zaidi. Kila aliyetoroka alipunguza thamani ya mtumwa aliyebaki, kwa sababu alimfanya mnunuzi ahesabu hatari ya kupoteza fedha zake. Hakuna mkataba uliowataja watoro, ila walikuwa wakiudhoofisha utumwa kwa miguu yao muda mrefu kabla ya Frere kufika.

Ni muhimu pia kuelewa mkataba wa 1873 haukufanya nini. Ulifunga soko na kukataza kusafirisha watumwa baharini, lakini haukumwachilia mtumwa hata mmoja aliyekuwa tayari shambani. Biashara ikajificha. Misafara ikaanza kuwaswaga watu kwa miguu kandokando ya pwani kutoka Kilwa kuelekea kaskazini, mpaka Barghash alipotoa matangazo mwaka 1876 ya kuikataza. Pemba, ambayo kimbunga hakikuiharibu, sasa ilikuwa na karafuu nyingi kuliko Unguja na ikawahitaji watu zaidi, nao wakavushwa usiku. Huko Mangapwani, kaskazini mwa mji wa Unguja, bado kipo chumba kilichochimbwa ardhini karibu na bahari, kilichotumika kuwaficha watu waliosubiri jahazi katika miaka hiyo ya magendo.

Sasa tugeukie kiwanja. Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyojulikana kama UMCA, ilikuwa Unguja tangu 1864, baada ya kushindwa kuweka makao pande za Nyasa. Soko lilipofungwa ilipata ardhi ya Mkunazini, na siku ya Krismasi 1873, miezi sita tu baada ya mkataba, jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Msimamizi wa ujenzi alikuwa Edward Steere, ambaye punde alifanywa askofu, na ambaye wasomi wa Kiswahili wanamfahamu kwa kazi zake za sarufi na tafsiri. Ibada ya kwanza ilifanyika Krismasi ya 1877, na baada ya miaka michache kanisa lilikuwa limekamilika, na paa lake la kuba likiwa la zege iliyochanganywa na mawe ya matumbawe. Simulizi ya kanisa husema kwamba madhabahu yamejengwa mahali uliposimama mti wa kuchapia watumwa, na duara la marumaru sakafuni ndilo linalopaonyesha.

Kanisa hilo lilikuwa kumbukumbu ya kwanza ya Mkunazini, na tukilisoma kama kumbukumbu tunaona lilimkumbuka nani. Steere alifariki mwaka 1882 akazikwa nyuma ya madhabahu. Msalaba mmoja ulitengenezwa kwa mti wa Chitambo, ambao chini yake moyo wa Livingstone ulizikwa mwaka 1873, mwezi mmoja kabla soko halijafungwa. Mabaharia wa Kiingereza waliokufa wakikamata majahazi ya watumwa nao walikumbukwa. Kila mmoja wa hao alistahili heshima kwa alilolifanya, lakini wote walikuwa upande mmoja wa kisa, upande wa waliokomboa. Waliokombolewa hawakuwekewa hata jiwe.

Lakini walikuwapo, na majina yao yanajulikana. Misheni ilipofika Unguja mwaka 1864, Sultani Majid aliipa wavulana watano waliotolewa katika jahazi lililokamatwa, na mmoja wao, John Swedi, akawa shemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa utotoni, alipewa upadri mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kufikia daraja hilo, kisha akarudi kusini kuwahudumia Wayao wenzake. Hata Livingstone hakufika kaburini Uingereza kwa nguvu zake. Mwili wake ulibebwa kutoka Chitambo hadi pwani na msafara ulioongozwa na Abdallah Susi na James Chuma, na huyo Chuma alikuwa Myao aliyekombolewa utumwani mwaka 1861. Alifariki Unguja mwaka 1882, mwaka uleule wa Steere. Mmoja alizikwa nyuma ya madhabahu, na mwingine jina lake likabaki vitabuni.

Sheria iliendelea taratibu. Mwaka 1890 Sultani Ali bin Said alipiga marufuku kuuza na kununua watumwa. Mwezi Aprili 1897, chini ya Sultani Hamoud bin Mohammed, utumwa ulinyimwa nguvu ya kisheria, lakini mtumwa alitakiwa kwenda mwenyewe mahakamani kudai uhuru wake, na fidia alilipwa bwana. Masuria hawakuingizwa katika amri hiyo, na walingoja mpaka 1909. Wengi hawakwenda mahakamani kabisa. Walipatana na wenye mashamba, wakabaki kama maskwota waliolima chakula chao na kupalilia mikarafuu, au walihamia Ng'ambo, upande wa pili wa mji. Uhuru wao haukuwa na siku moja ya kusherehekewa, na hili ni sababu mojawapo ya kutokuwa na mnara.

Ng'ambo ndiko walikojipatia sura mpya. Mwanamke aliyekuwa akivaa kaniki, nguo nyeusi isiyo na nakshi iliyomtambulisha kama mtumwa, alijinunulia kanga za rangi, akajifunika na kutembea kama mtu huru. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba katika familia yenye asili ya utumwa, aliingia mjini akiuza vyungu na baadaye akawa mwimbaji aliyerekodi santuri Bombay mwaka 1928. Haya nayo ni kumbukumbu, ingawa hayakuchongwa. Watu hawa waliamua kukumbukwa kwa walichokuwa baada ya utumwa, na uamuzi huo una mantiki yake: katika jamii iliyopima ndoa na heshima kwa nasaba, kutangaza kwamba bibi yako aliuzwa Mkunazini kulikuwa kujifungia milango.

Aibu ya nasaba ni maelezo ya kwanza ya ukimya uliofuata, lakini si ya pekee. Wengine wanataja desturi ya Kiislamu ya mwambao, ambayo haikuzoea sanamu za watu hadharani. Makaburi ya wakubwa yalipambwa kwa nguzo na nakshi, si kwa nyuso. Wengine wanataja siasa. Serikali ya kikoloni ilipenda kisa kiishie kwa sifa ya Uingereza, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 utumwa ukawa hoja kuu ya kueleza kwa nini utawala wa Sultani uliangushwa. Hoja hiyo ilikuwa na msingi, lakini ilirahisisha mambo kwa kuwagawa watu wa visiwa katika wana wa mabwana na wana wa watumwa. Wenye watumwa walikuwa Waarabu, Waswahili, na mpaka Konsuli Rigby wa Uingereza alipowabana mwaka 1860, Wahindi pia. Waliowateka na kuwauza bara mara nyingi walikuwa wakuu wa huko huko. Katika mazingira hayo kila aliyetaka kuweka kumbukumbu alijua angeulizwa anamlaumu nani. Kwa maoni yangu aibu na siasa vilikuwa na uzito zaidi kuliko desturi ya dini, kwa sababu ukimya ulienea hata pale ambapo sanamu hazikuwa tatizo.

Ulimwenguni kwingine, wakati huo, sanamu za kuwakumbuka watumwa zilikuwa zikipitia hatua zake. Mwaka 1876, kanisa la Mkunazini likiwa bado linajengwa, mjini Washington ilizinduliwa sanamu ya Thomas Ball iliyomwonyesha Rais Lincoln amesimama na mtu mweusi amepiga magoti mbele yake, minyororo ikimtoka. Fedha zake zilichangwa na waliokuwa watumwa, wa kwanza akiwa mwanamke aitwaye Charlotte Scott, aliyetoa dola 5 za jasho lake. Frederick Douglass, aliyehutubia uzinduzi na ambaye mwenyewe alizaliwa mtumwa, aliandika siku chache baadaye kwamba angependa kumwona mtu mweusi akiwa amesimama wima. Ilichukua karibu karne moja matakwa ya aina hiyo yatimie kwa ukubwa. Mwaka 1967 mji wa Port-au-Prince, Haiti, ulipata sanamu ya Albert Mangonès ya mtoro anayepuliza kombe la baharini kuwaita wenzake, na mwaka 1985 kisiwa cha Barbados kikasimamisha kazi ya Karl Broodhagen, mtu aliyekata minyororo na kuinua mikono. Kisha mwaka 1994 UNESCO ilianzisha huko Ouidah, Benin, mradi wa Njia ya Watumwa, na nchi nyingi zikaanza kutafuta mahali pa kumbukumbu katika ardhi zao.

Zanzibar ya miaka ya 1990 ilikuwa tayari kwa hatua hiyo kwa sababu mbili. Uchumi wa karafuu ulikuwa umeshuka na utalii ulikuwa ukipanda, na wageni wengi waliotembelea Mji Mkongwe walifika Mkunazini wakiuliza soko lilikuwa wapi. Kulikuwa pia na kizazi kipya, kilichotengana na utumwa kwa miaka mia moja, ambacho kwake aibu ya nasaba ilikuwa imeanza kulegea. Zipo hoja kwamba utalii ndio uliozileta sanamu, na zipo kwamba ni haja ya kweli ya kukumbuka. Sioni sababu ya kuchagua moja. Utalii ulifungua nafasi, lakini kilichowekwa katika nafasi hiyo si kitu cha kumfurahisha mtalii.

Tuzitazame basi kwa karibu. Sanamu ni tano, zimesimama chini ya usawa wa ardhi, na anayezitazama hulazimika kuinamisha macho. Kila shingo ina pete ya chuma, na mnyororo mmoja unapita kutoka shingo hadi shingo. Wenyeji husimulia kwamba ni mnyororo halisi wa zama za utumwa. Miguu haikumalizwa. Sehemu ya chini ya miili imeachwa ghafi, kana kwamba imezama ndani ya jiwe. Nyuso zimechongwa kwa uangalifu zaidi, na kila moja ina hali yake, ingawa zote hazimtazami mtu. Hakuna mkombozi, hakuna anayepiga magoti, na hakuna mnyororo uliokatika.

Baadhi ya watazamaji wanazilaumu kwa hilo. Wanasema zinawaonyesha Waafrika wakiwa wanyonge tu, na wangependa kuona mtoro wa Fuladoyo au mtu mwenye nguvu kama wa Barbados. Lawama hiyo ina haki yake. Lakini lazima tupime sanamu na mahali ilipo. Sanamu ya Haiti inakumbuka mapinduzi yaliyoshinda, na ile ya Barbados imefungamanishwa na jina la Bussa, kiongozi wa uasi wa 1816. Mkunazini palikuwa mahali pa kuuzia watu, na saa ya kuuzwa ndiyo iliyochongwa. Kuweka hapo mnyororo uliokatika kungekuwa kuwapa wauzaji na wanunuzi mwisho mwema ambao siku ile haukuwapo. Jambo ambalo sanamu hizi zimelifanya, na ambalo kanisa la 1873 halikulifanya, ni kuuondoa ukombozi katikati ya kisa na kumweka hapo aliyetendewa.

Palepale karibu, hata hivyo, kuna jambo linalohitaji kusemwa wazi. Chini ya jengo lililokuwa hosteli ya Mtakatifu Monika vipo vyumba viwili vya chini vyenye dari fupi na matundu membamba ya mwanga. Kwa miaka mingi wageni wameelezwa kwamba ndimo watumwa walimosongamana kabla ya mnada. Wanahistoria waliochunguza majengo wanaonyesha kwamba jengo hilo lilijengwa na misheni baada ya soko kufungwa, kwa ajili ya hospitali, na kwamba vyumba hivyo vilikuwa stoo. Wanaotetea simulizi hujibu kwamba huenda vilichimbwa kabla ya jengo la juu. Uzito wa ushahidi uko upande wa wanahistoria, kwa kuwa tarehe za ujenzi zinajulikana na hakuna shuhuda wa siku za soko aliyevitaja vyumba hivyo.

Wapo watakaoona ubishi huu hauna maana, kwa kuwa watumwa walifungiwa mahali fulani, kama si hapo ni pengine. Mimi naona una maana sana. Ukweli wa Mkunazini hauhitaji kutiwa chumvi. Mgeni akigundua kwamba chumba alicholilia kilikuwa stoo ya dawa, ataanza kushuku na soko, na mnada, na wale 20,000. Tarehe sahihi ni njia ya kuwalinda wafu dhidi ya wanaopenda kusema kwamba mambo hayo hayakutokea. Kwa bahati njema hatua imepigwa: mwaka 2016 katika jengo hilohilo kulifunguliwa maonyesho ya kudumu ya biashara ya watumwa ya Afrika Mashariki, yaliyoandaliwa sambamba na ukarabati wa kanisa, na humo mgeni anaweza kusoma maelezo marefu kuhusu njia, bidhaa, watu na sheria.

Kazi iliyobaki ni ya majina. Sanamu za Sörnäs zina nyuso bila majina, na hilo haliepukiki kwa msanii anayewawakilisha maelfu. Lakini mwanahistoria, mwalimu na familia hawana udhuru huo. Swema, Swedi, Majaliwa na Chuma tunawajua. Kumbukumbu za makonsuli na mahakama, nyingi zikiwa zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa huko Kilimani, zina watu wengine waliofika mbele ya hakimu kudai uhuru wao baada ya 1897. Daftari za misheni za Mbweni, Bagamoyo na Freretown ya Mombasa zina watoto walioshushwa majahazini na jina la nchi walikotoka. Ubao wenye majina hayo, hata kama ni machache, ungeweza kuwekwa kando ya shimo lile bila kuigusa kazi ya msanii. Kwa kuwa sheria ya 1897 ilimlipa bwana na kumwacha mtumwa bila chochote, kumtaja kwa jina mahali alipouzwa ni deni dogo ambalo kizazi hiki bado kinaweza kulilipa.